Kusuuza Rejeta ya Trekta Bila Kuungua

Trekta likichemsha katikati ya shamba, dereva huruka chini na kukimbilia mfuniko wa rejeta. Hapo ndipo watu huungua uso, kifua na mikono. Leo tujifunze kwa nini rejeta huchafuka, na namna ya kuisuuza bila kuumia. Somo hili linafaa pia kwa lori na gari dogo.

Injini hupozwa kwa maji. Maji huchukua joto la injini, kisha huja kwenye rejeta kupozwa na upepo wa feni. Sasa tazama sufuria yako ya kuchemshia maji ya kisima. Je, haina ukoko mweupe ndani? Ukoko kama huo hujijenga ndani ya rejeta, na kutu huongezeka. Vijia vya maji huziba. Injini hupata joto kupita kiasi, gasketi huungua, silinda hedi hupinda. Na msimu wa kulima haumngoji fundi.

Kwa nini mfuniko ni hatari? Tunajua kwamba maji huchemka kwenye digrii 100. Ni kweli, lakini kwa sufuria iliyo wazi. Mfuniko wa rejeta una springi inayobana. Maji yaliyobanwa hivyo huweza kufika digrii 110 na zaidi bila kuchemka. Ukifungua tu, hugeuka mvuke palepale na kukurukia. Kitambaa mkononi hakitakuokoa.

Kwa hiyo fanya kazi hii asubuhi, kabla injini haijawashwa. Simamisha trekta mahali tambarare, uweke mawe kwenye magurudumu. Fungua mfuniko polepole. Weka beseni chini, fungua koki ya rejeta, maji machafu yatoke yote. Kama koki haipo, legeza mpira wa chini.

Funga koki, jaza maji safi, washa injini. Ngoja mpaka mpira wa juu uwe wa moto. Hapo maji yanazunguka kote. Kaa mbali na feni. Kanga au shati lililo wazi hunaswa upesi. Zima injini, na ngoja tena ipoe kabisa. Najua kungoja kunachosha, lakini wengi huungua katika mara hii ya pili, maana wanadhani hatari imekwisha. Ikipoa, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Wengine hutia maji ya betri ili kula kutu. Usifanye hivyo! Hula na chuma chenyewe.

Mwisho jaza dawa ya rejeta na maji safi kama kopo linavyoeleza. Mara nyingi ni nusu kwa nusu. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima.

Sasa, yale maji ya beseni. Dawa nyingi za rejeta ni sumu, nazo zina ladha tamu. Mtoto au mbwa huzinywa kwa furaha, na figo zake huharibika. Usizimwage mtoni, kisimani wala karibu na josho. Zitie kwenye dumu, ulifunge, na wewe unayejua kuandika uandike kwa herufi kubwa: SUMU. Kisha ulipeleke kwa fundi anayekusanya vimiminika vichafu. Mtu akinywa, mpeleke hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima, na uchukue kopo la dawa.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Kisha aende zahanati.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini maji ya rejeta huruka mfuniko ukifunguliwa, hali yalikuwa yametulia?
2. Katika kijiji chenu, maji machafu ya rejeta humwagwa wapi? Nani hunywa maji ya mahali hapo?