Nauli ya Watu Wawili: Mafunzo Niliyopata Kalamu Iliponikaukia

Kwa wiki tatu daftari langu lilikuwa na sentensi moja tu: "Alizaliwa usiku wa mvua." Kila jioni nikitoka kazini nililifungua, nikaisoma, nikalifunga.

Tulikuwa watu watano hapa Nairobi tuliokubaliana kucheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi. Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na hauna mshindi. Kila mchezaji humbeba mhusika wake, msimulizi huwawekea ulimwengu mbele yao, na dadu huamua kama upanga umepata au umekosa. Msimulizi wetu alitaka kila mmoja aje na maisha ya nyuma ya mhusika wake: katoka wapi, kampoteza nani, kwa nini kaiacha nyumba akaingia njiani. Wenzangu watatu walimpelekea mapema. Mimi nilikwama, na iliniuma, kwa sababu kuandika ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote.

1. Maisha ya mtu hayaanzi kusimuliwa siku aliyozaliwa

Insha za shule zilinizoesha kuanza na mwanzo. Aliyenifungua ni Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, tunakutana na mtawala mwema, anayesifiwa kwa haki yake, ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili. Mtu huyu na kitendo hiki vinakaaje pamoja? Ni pale Mfalme Rai, aliye juu yake, anapotaka kujua ndipo tunapoelezwa kwamba manyani wale ni ndugu zake, na yaliyowapata. Kisa chote kimevutwa na swali moja.

Nilifuta usiku wa mvua. Nikaandika: "Kila apandapo chombo hulipa nauli ya watu wawili." Mimi mwenyewe sikujua ni kwa nini. Lakini kwa mara ya kwanza nilitamani kujua, na nadhani hicho ndicho kilichokuwa kimekosekana muda wote. Maneno nilikuwa nayo tele. Sikuwa na hamu ya kumjua mtu yule.

2. Nilikuwa naandika theluji nisiyoijua

Mhusika wangu wa awali alikuwa elfi, kiumbe wa hadithi, wa milima ya theluji. Nimelelewa Lamu, ambako hata anayekuja kwa basi hushukia Mokowe na kumalizia safari kwa boti. Kila nilipotaka kueleza baridi ya huko kwa elfi niliazima maneno ya filamu, na maneno ya kuazima huisha upesi. Nilipomfanya binti wa rubani katika bandari ya kubuni, mikono ikaenda yenyewe. Nilijua harufu ya mafuta ya sifa yanayopakwa majahazini. Nilijua mchanga unavyounguza saa saba mchana, na namna wanawake wanavyoitazama bahari chombo kikichelewa bila kusema kwamba kimechelewa. Uchawi, mazimwi na miji inayoelea vilikuja baadaye, vikapata pa kusimama.

3. Mpeleleze kama aliyeleta posa

Posa ikija, wazee hawaridhiki na jina na kazi. Huuliza: mama yake nani? Aliyemlea nani? Ana deni la nani? Nani amekosana naye, na kwa lipi? Nilimpigia simu dada yangu nikamwomba amhoji binti wa rubani kwa maswali hayo, nami nijibu papo hapo bila kufikiri. Tulizungumza kama nusu saa. Nikagundua ana shangazi aliyemlea, na kwamba tangu ana miaka kumi na miwili hawajasemezana. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko kalamu, labda kwa kuwa ulimi haujisahihishi.

4. Dadu hutoa usichothubutu kuchagua

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kina majedwali ya kuonyesha mhusika anaamini nini, amefungamana na nani, na udhaifu wake ni upi. Mchezo mwingine, Traveller wa mwaka 1977, ulikwenda mbali zaidi: dadu zilimpitisha mhusika kazini miaka kwa miaka, na aliweza hata kufa kabla mchezo haujaanza. Mimi nilirusha dadu kwa ajili ya udhaifu tu, nikapata mtu asiyeweza kurudi nyuma ujasiri wake ukitiliwa shaka. Ningemchagulia kitu cha heshima zaidi. Lakini hata Fumo Liongo, shujaa wetu wa pwani, tunamkumbuka kwa nguvu zake na pia kwa ile sindano ya shaba ya kitovuni iliyomuua, tena iliyoshikwa na kijana wa damu yake.

5. Bado ni mwanafunzi

Binti wa rubani ni mchawi wa daraja la kwanza, na mchawi wa daraja hilo huanza na pointi 6 hivi za uhai. Pigo moja au mawili ya upanga, yupo chini. Hawezi kuwa ameshaua mazimwi kumi. Nilipolikubali hilo, kurasa nne za vita nilizojilazimisha kuziwaza zikaondoka, nikapumua.

6. Nikaacha pengo

Nilimkabidhi msimulizi ukurasa mmoja. Nauli ya pili sikuieleza. Niliona haya kidogo kukabidhi kazi yenye tundu katikati, lakini kila jibu nililolijaribu, awe pacha aliyezama, mchumba au mama, liliifanya ile sentensi iwe ndogo.

Jumamosi ya kwanza tulifika kwenye mto. Mwenye mtumbwi akataka nauli, nikalipa, na mchezaji aliyekaa kulia kwangu akageuka.

"Dada, huyo wa pili ni nani?"

Nikamjibu kwamba binti wa rubani hapendi kuulizwa. Msimulizi alininyamazia kidogo. Kisha, kwa sauti ya yule mzee wa mtumbwi, akaanza kuhesabu abiria kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Haya, shikeni makasia.

Tulikuwa wanne.

Nikamwomba jirani yangu kalamu.