Ushauri: Pleti au chuma cha ndani?

*Daktari, mdogo wangu anaendesha bodaboda. Aligongwa, paja likavunjika juu kabisa, karibu na nyonga, vipande vinne. Daktari mmoja anataka kumwekea pleti, mwingine chuma cha kupita ndani ya mfupa. Wazee wanataka tumpeleke kwa waunga mifupa. Tufuate lipi?*
Dada mtu, Morogoro

Pole sana, dada. Kwa wazee jibu ni hapana. Misuli ya hapo ina nguvu mno: kipande cha juu huinuliwa na kupinduliwa nje, cha chini huvutwa ndani. Hakuna banzi litakaloshinda mvutano huo.

Kwa madaktari wawili, mimi huegemea chuma cha ndani. Kinapita katikati ya mfupa, karibu na njia unakoshukia uzito wa mwili. Pleti hukaa ubavuni, na kila hatua huipinda kidogo. Umewahi kukata waya bila koleo? Unaukunja, unaukunjua, mwisho unakatika. Pleti nayo hukatika hivyo, hasa mfupa ukiwa umesagika upande wa ndani wa paja. Na asikutishe mtu kwamba hospitali yenu haina eksirei ya chumba cha upasuaji: vyuma vya SIGN, shirika aliloanzisha Lewis Zirkle wa Marekani mwaka 1999, vilibuniwa viwekwe bila mashine hiyo. Hapa nchini vinatumika.

Lakini pleti ina siku yake. Ufa ukifika pale chuma kinapoingilia, au uwazi wa mfupa ukiwa mwembamba mno, pleti ndefu ambayo skrubu zake hujifunga ndani yake inaweza kufaa zaidi. Wakitaja DHS, ile yenye skrubu nene inayoteleza, uliza ufa umelalaje. Ukianzia juu upande wa ndani ukashuka kwenda nje, DHS haifai. Mfupa utateleza pembeni.

Swali kubwa zaidi: ataruhusiwa kukanyaga lini? Nilimpokea kijana aliyetupa magongo wiki ya tano kwa kuwa maumivu yalikwisha. Eksirei ilionyesha pleti imekatika katikati, kwenye tundu la skrubu. Tukaanza upya.

Funguo za pikipiki kaa nazo wewe. Sigara, kama anavuta, aache leo, maana huchelewesha mfupa kuunga. Na picha zote za eksirei mzitunze, hata ile ya siku ya ajali.