Jagi la Limau la Thika: Matunda Kwanza, Sukari Mwisho

Februari katika Thika haina huruma. Ukishuka steji saa nane mchana, koo limeshakauka kabla makanga hajakurudishia chenji, na duka la kwanza unaloliona lina friji iliyojaa soda. Lakini ni ajabu mtu kununua soda katika mji uliozungukwa na mananasi. Ukitoka kwa barabara ya Garissa, mashamba ya Del Monte yametanda pande zote mbili, na kampuni hiyo iko hapa tangu miaka ya 1960. Murang'a iko ng'ambo ya mto Chania tu, na maembe ya Ukambani hushuka kwenye masoko ya Madaraka na Ruiru kwa magunia msimu ukifika.

Tatizo la juisi nyingi za limau za nyumbani ni kwamba ni maji ya sukari yenye vipande viwili vya limau vikielea juu kwa ajili ya picha. Utaratibu wangu ni huu: tunda lilete utamu, limau liuamshe, maji yaongeze ujazo, na sukari iitwe mwisho, kama bado kuna kazi iliyobaki.

1. Nanasi lichaguliwe kwa pua

Rangi hudanganya. Nanasi la aina ya Smooth Cayenne, ambalo limelimwa Thika miaka mingi, linaweza kuwa kijani kibichi kwa nje na ndani limeiva vizuri. Lingine ni la manjano, ukilikata linakupa ukakasi mtupu. Geuza nanasi, linuse chini kwenye kikonyo. Likinukia, nunua. Likinuka kama pombe, muda wake umepita. Liwe zito mkononi kuliko unavyolitarajia kwa ukubwa wake. Ule mtindo wa kunyofoa jani la katikati ili kupima utamu, mimi siuamini. Jani hutoka pia kwenye nanasi lililoanza kuoza.

Na usinunue nanasi lisiloiva ukidhani litapata utamu ukiliweka juu ya kabati. Ndizi hufanya hivyo kwa sababu ina wanga unaogeuka sukari. Nanasi halina akiba hiyo. Likishakatwa shambani, utamu wake ni ule ule. Litalainika tu na kubadilika rangi. Mwambie muuzaji akukatie kipande uonje. Wengi hukubali, na anayekataa ana sababu zake.

Vile vipande vilivyomenywa tayari na kupangwa kwenye mfuko kando ya barabara, kula ukipenda, lakini kwa juisi nunua zima. Vumbi la Thika Road si kiungo.

2. Limau zito, ganda jembamba

Sokoni utakutana na malimau makubwa yenye ganda nene la vinundu na mbegu nyingi, yale ya miti ya zamani iliyo kwenye boma za Murang'a na Kiambu. Yana maji ya kutosha na ukali wa kweli, basi usiyadharau kwa sura. Yale laini ya ganda jembamba ni rahisi zaidi kukamua. Ndimu ndogo za kijani zina harufu nzuri kuliko zote, ila itakubidi ukamue nyingi zaidi.

Kwa makadirio, limau la wastani hutoa vijiko vitatu vikubwa vya maji. Kama malimau yametoka kwenye friji, yaache ubaridi uishe kwanza, kisha lizungushe kila moja juu ya meza ukilibonyeza kwa kiganja mpaka lilegee.

3. Limau zima lisiingie kwenye blenda

Najua inaokoa muda. Lakini ile sehemu nyeupe chini ya ganda, pamoja na mbegu, ndiyo yenye uchungu, na uchungu huo huzidi kadiri juisi inavyokaa. Ukionja papo hapo utasema iko sawa. Wageni wakifika baada ya saa mbili, hali ni nyingine.

Kama unataka harufu ya ganda, na unapaswa kuitaka, chukua ganda la manjano peke yake. Osha limau vizuri kwa maji ya vuguvugu, umenye ganda jembamba kwa kisu kikali bila kugusa weupe, kisha lipondeponde na vijiko viwili vya sukari kwenye bakuli. Acha nusu saa. Sukari itavuta mafuta ya ganda mpaka ilowe na kunukia jikoni kote. Sukari hiyo ndiyo utakayopikia shira. Hakuna hatua nyingine kwenye orodha hii inayolipa kiasi hiki kwa kazi ndogo namna hii.

4. Maji ndiyo sehemu kubwa ya jagi

Watu hubishana kuhusu limau na kusahau kwamba nusu ya wanachokunywa ni maji. Ploti nyingi za Ruiru, kuanzia mjini mpaka kuelekea Kamakis, hutumia maji ya kisima kilichochimbwa kwa mashine, na miamba yetu hii ya volkano huyapa maji hayo tabia mbili.

Ya kwanza ni magadi. Maji yenye magadi hupunguza makali ya limau, ndiyo maana unaweza kutumia malimau sita ukapata juisi iliyopooza, ilhali mwenzako wa Thika aliye na maji ya mfereji kutoka mtoni hupata makali ya kutosha kwa manne. Usiongeze sukari hapo. Badilisha maji, au ongeza limau.

Ya pili ni floraidi, ambayo visima vingi vya ukanda huu huwa nayo kwa wingi na ndiyo hufanya meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, kwa kweli maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki ikiwa imekolea zaidi. Kwa juisi ya watoto wadogo, tumia maji ya mfereji yaliyochemshwa au maji ya chupa.

Wadudu wa magonjwa, hao kuchemsha kunawamaliza. Kwa kuwa tuko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, lakini hizo zinatosha kabisa. Yaache yatokote kwa dakika moja, funika, yapoe. Na barafu itoke kwenye maji hayo hayo, kwa maana kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Hili halihitaji mahubiri katika kaunti yetu ya Kiambu: mlipuko wa kipindupindu wa Oktoba 2022 ulianza Limuru baada ya sherehe ya harusi.

5. Pika shira, acha kukoroga sukari kwenye maji baridi

Sukari haiyeyuki upesi kwenye baridi. Unakoroga, unaonja, unaona haitoshi, unaongeza, na mwisho kilo nzima imelala chini ya jagi. Weka kikombe kimoja cha sukari (pamoja na ile yenye mafuta ya ganda) na kikombe kimoja cha maji kwenye moto mdogo. Ikishayeyuka na maji kuwa angavu, zima. Chuja maganda. Shira hii hukaa wiki mbili kwenye friji ikiwa ndani ya chupa safi, na unaitumia kijiko kwa kijiko.

6. Kipimo cha jagi la lita mbili

Nanasi moja la kama kilo moja na nusu. Malimau manne. Maji lita moja. Shira mililita 100, si zaidi, na hiyo uiongeze kidogo kidogo.

Menya nanasi, toa macho, lakini kile kigogo cha katikati usikitupe; kina juisi na blenda itakishughulikia. Saga nanasi na nusu ya maji, chuja kwa kichungi cha chai chenye matundu makubwa ili kibaki kiini kidogo cha kutafuna. Mimina maji ya limau, onja. Ongeza maji yaliyobaki, onja tena. Sasa ndipo ulete shira. Nanasi likiwa limeiva sawasawa, mara nyingi utaishia nusu ya kipimo.

Linganisha na mazoea. Robo kilo ya sukari kwenye jagi kama hili ni gramu 31 kwa kila glasi ya mililita 250. Kwa mililita 100 za shira unapata gramu 7 hivi, yaani chini ya vijiko viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25, na sukari iliyo ndani ya juisi ya tunda yenyewe nayo huhesabiwa. Kwa hivyo hata hii nzuri si ya kunywa jagi zima.

7. Chumvi

Chembechembe kidogo tu za kushika kwa vidole viwili. Utashangaa.

8. Msimu ukibadilika, badilisha tunda

Pasheni zilizokunjamana ganda ndizo tamu. Zile laini zinazong'aa zinapendeza macho tu. Zisage kwa kugusa kitufe cha blenda mara mbili tatu na kuachilia, usizisage mfululizo, maana mbegu zikivunjika juisi inakuwa na mchanga mweusi. Pasheni tayari ni kali, kwa hivyo malimau mawili yanatosha.

Tikiti maji halina ukali wowote, linahitaji limau zaidi na karibu halihitaji maji. Stroberi za Kiambu zioshe kabla ya kuondoa vikonyo, la sivyo zinanyonya maji ya kuoshea. Embe mimi huliacha. Ni zito mno, likikutana na limau linakuwa uji, na embe la ngowe lililoiva kuligeuza kinywaji ni kulionea.

Minti ipondwe kidogo kwa viganja na kutiwa dakika za mwisho. Tangawizi isuguliwe kwenye kikwaruzo, ikamuliwe, maji yake tu yaingie.

9. Isilale kwenye sufuria

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya limau huila alumini na kuacha ladha ya chuma. Pika shira humo bila wasiwasi, lakini limau likishaingia, hamia kwenye jagi la kioo, la plastiki au birika la enameli.

10. Maganda ya nanasi yana kazi

Kabla ya kumenya, lisugue nanasi kwa brashi chini ya maji yanayotiririka. Kisha chemsha yale maganda na kipande cha tangawizi kwa dakika ishirini, chuja, poza. Maji hayo yana rangi ya asali na harufu nzuri, na ukiyatumia badala ya maji matupu kwenye kidokezo cha 6, hutakumbuka shira.

Ukiyaacha maganda mabichi ndani ya maji na sukari siku mbili tatu pasipo friji, yatachacha na kutoa povu. Wenyeji wa Mexico hufanya hivyo makusudi na kukiita kinywaji hicho tepache. Hapa kwetu, jitahidi kumweleza mama mkwe mapema kabla hajapewa glasi.

11. Kuhifadhi

Siku mbili kwenye friji, tatu ukiwa na bahati. Stima ikipotea usiku kucha, usijadiliane na jagi. Njia bora ni kugandisha maji ya limau peke yake kwenye kisahani cha barafu malimau yakiwa rahisi, kisha kuyatoa bei ikipanda. Na ukitaka kuanza kuuzia majirani, jua kwamba anayeshika chakula cha kuuza anahitaji cheti cha afya, na juisi ya chupa inayopelekwa madukani lazima iwe na alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS).

12. Julai, geuza jagi kuwa dawa

Baridi ya Julai ikishuka kutoka Aberdare, hakuna anayetaka barafu. Chemsha tangawizi iliyopondwa kwenye yale maji ya maganda, zima moto, subiri dakika tano hivi, ndipo ukamulie limau na kutia asali. Limau likichemshwa hupoteza harufu yake na sehemu ya vitamini C, kwa hivyo usiwe na haraka ya kulitia maji yakiwa bado motoni. Wakubwa wanaweza kutiwa asali kwa kiasi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, hata ile ya ncha ya kijiko anayoililia.