Rehema katika Meno ya Nyoka

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi. Someni kwanza: Ayubu 38:39 hadi 39:4, Zaburi 104:19-30, Hesabu 21:4-9.



Jumapili moja baada ya Sala ya Jioni, mama mmoja wa mtaa wetu alibaki kanisani wengine walipokwisha kutoka. Jioni ile tulikuwa tumesoma Zaburi ya 104, mahali panaposimuliwa jinsi simba wanavyomtazamia Mungu awape chakula usiku. Mama huyu alimzika mwanawe mwaka uliotangulia. Kijana aliumwa na nyoka akipalilia mahindi. Akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa Mungu ndiye anayewalisha simba, basi na yule nyoka alikuwa akilishwa naye? Au Mungu alinihesabu mimi kuwa adui yake?"

Sikuwa na jibu la haraka, wala sidhani kwamba inafaa kuwa na jibu la haraka mbele ya mama aliyefiwa. Nilimwomba anipe muda. Somo la mwezi huu limetoka katika swali lake.

Niliona vema kwenda kwa walimu wa Kiyahudi, maana Zaburi na kitabu cha Ayubu vilikuwa mikononi mwao kabla havijafika kwetu, na Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika Maandiko hayo. Mengi ya mafundisho yao yamo katika Mishna, iliyokusanywa na Rabi Yuda HaNasi karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, na katika Talmudi, yaani maelezo marefu juu ya Mishna yaliyokusanywa katika karne zilizofuata. Kwetu sisi vitabu hivi si Maandiko Matakatifu. Lakini mtu mwenye busara husikiliza wazee waliokisoma kitabu kile kile kwa muda mrefu kuliko yeye.

1. NENO "REHEMA"

Neno letu "rehema" tulilipata kutoka Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Kwa Kiebrania rehema ni "rahamim", nalo lina asili moja na "rehem", yaani tumbo la uzazi la mama. Basi tunaposema Mungu ana rehema, ndani ya neno lenyewe umo uchungu wa mama kwa mtoto aliyemchukua tumboni. Mlikumbuke hili, kwa kuwa hadithi ifuatayo ni ya mama anayezaa.

2. AYALA NA NYOKA

Walimu wa Talmudi walitafakari lile swali ambalo Mungu alimwuliza Ayubu, kama ajua majira ya kuzaa ya wanyama wa milimani. Wakafundisha hivi. Ayala, mnyama yule anayetajwa mwanzoni mwa Zaburi ya 42, ana njia nyembamba ya uzazi. Saa yake ifikapo hawezi kuzaa, naye atakufa pamoja na mtoto wake. Ndipo Mungu humtayarishia nyoka mkubwa. Nyoka huyo humwuma pale penye njia ya uzazi, ikalegea, naye akajifungua. Walimu wakaongeza kwamba, kama nyoka angeuma nukta moja mapema, au nukta moja baadaye, ayala angekufa.

Tena wakasema habari za mbuzi-mwitu wa majabali, asiye na huruma kwa mtoto wake, ambaye hupanda kileleni kuzaa ili mtoto aanguke afe. Mungu humtayarishia tai, akamdaka yule mtoto kwa mabawa yake na kumweka mbele ya mama yake. Hapo pia, nukta moja ikizidi au kupungua, mtoto amekufa.

Ndugu, msiyasome haya kama somo la elimu ya wanyama. Mganga wa mifugo hatakubaliana nayo. Yasomeni kama mahubiri, na sababu ya kuhubiriwa kwake ni hii. Kwa Kiebrania Ayubu huitwa "Iyov", na adui huitwa "oyev". Majina hayo yanakaribiana sana. Walimu wanasema kwamba Ayubu katika uchungu wake alimwambia Mungu: Labda dhoruba ilipita mbele zako, ukachanganyikiwa, ukanidhania mimi Iyov kuwa ni oyev. Mungu akamjibu kwa kumwonyesha ayala na nyoka wake, na mbuzi na tai wake: Mimi sichanganyi nukta moja na nukta nyingine, je, nitalichanganya jina lako na jina la adui?

Tazameni jinsi swali la Ayubu lilivyo swali la mama yule. Jibu halisemi kwa nini mabaya yalimpata. Linasema neno moja tu, kwamba Mungu hakukosea jina lake. Hakumhesabu kuwa adui.

3. SAA ZA MUNGU

Wayahudi wa kale walihesabu saa za mchana kama tunavyozihesabu sisi, tangu jua lichomozapo. Talmudi inagawa saa kumi na mbili za mchana wa Mungu katika mafungu manne. Saa tatu za kwanza hukaa na Sheria yake. Saa tatu za pili huuhukumu ulimwengu, naye akiona kwamba ulimwengu wastahili kuangamizwa, huondoka katika kiti cha hukumu na kuketi katika kiti cha rehema. Saa tatu zinazofuata huwalisha viumbe vyote, tangu nyati mwenye pembe hata mayai ya chawa. Na saa tatu za mwisho hucheza na Lewiathani, yule mnyama wa kutisha wa baharini.

Angalieni utaratibu wake. Kwanza Mungu huketi katika kiti cha rehema, kisha ndipo huwalisha viumbe. Nyati auaye watu na chawa aletaye maradhi hula kwa sababu ya rehema ile ile ambayo kwayo sisi wenye dhambi tumeachwa hai. Nasi tu wageni mezani pamoja nao.

4. JE, ALIYEUMWA AMEADHIBIWA?

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana vinywa vya watu ni vyepesi msibani. Wengine husema marehemu alikuwa na dhambi ya siri. Wengine hunong'ona kwamba nyoka "alitumwa" na jirani, na kutoka hapo chuki huzaliwa, hata damu kumwagika.

Walimu wa Kiyahudi nao walibishana juu ya jambo hili. Mmoja wao, Rav Ami, alifundisha kwamba hakuna kifo pasipo dhambi. Wenzake walilipima neno lake. Wakakumbuka mapokeo ya watu wanne waliokufa kwa sababu tu ya shauri la nyoka wa Edeni, wala si kwa dhambi yao wenyewe: Benyamini mwana wa Yakobo, Amramu baba wa Musa, Yese baba wa Daudi, na Kileabu mwana wa Daudi. Mwisho Talmudi ikakata shauri kwamba neno la Rav Ami limeshindwa, na kwamba kipo kifo pasipo dhambi, na mateso pasipo kosa. Bwana wetu alitoa jibu la namna hiyo alipoulizwa habari za mtu aliyezaliwa kipofu (Yohana 9:1-3). Basi anayekwenda msibani na kusema "amelipwa" haungwi mkono na Talmudi, wala na Injili.

Hata juu ya nyoka wa shaba, Mishna yauliza: Je, nyoka ndiye auaye, au nyoka ndiye ahuishaye? Nayo yajibu kwamba sivyo. Waisraeli walipoinua macho na kumtii Baba yao aliye mbinguni ndipo walipopona. Sisi twajua mahali ambapo Yohana 3:14 panaelekeza macho hayo.

5. WATOTO WA KICHECHE

Rehema hiyo yatudai na sisi. Talmudi inasimulia habari za Rabi Yuda HaNasi, yule aliyeikusanya Mishna. Ndama aliyekuwa akipelekwa kuchinjwa alikimbilia kwake, akaficha kichwa katika vazi lake na kulia. Rabi akamwambia, "Nenda, kwa ajili ya hayo uliumbwa." Kwa kuwa hakumhurumia, maumivu yalimjia, nayo yakadumu miaka 13. Siku moja mtumishi wake alikuwa akifagia nyumba, akakuta watoto wa kicheche, akataka kuwafagia nje. Rabi akamwambia awaache, akikumbuka lile neno la Zaburi 145:9, kwamba rehema za Bwana ziko juu ya kazi zake zote. Maumivu yakamtoka.

Kila mfugaji wa kuku ajua kicheche ni nini! Lakini mtu yule aliponywa kwa kuwahurumia watoto wa mnyama mharibifu.

Mwisho, jambo la mikono yetu. Dawa ya hospitali ya kumtibu aliyeumwa na nyoka hutokana na sumu ya nyoka mwenyewe. Mara nyingi farasi huchomwa sumu hiyo kidogo kidogo, na kinga inayotokea katika damu yake ndiyo hutengenezewa dawa. Basi mtu akiumwa, atulizwe, asichanjwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali upesi pasipo kupitia kwa mpiga ramli. Huo nao ni utumishi wa rehema.

Nilirudi kwa yule mama nikamsimulia habari za Iyov na oyev. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi jina langu analijua." Akaenda kuteka maji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Tumewahi kusema maneno gani msibani ambayo Ayubu angeyakataa?
2. Ni kiumbe gani tunachokichukia, nacho chalishwa na Mungu?
3. Katika mtaa wetu, yuko nani anayedhani Mungu amemhesabu kuwa adui, na nani atakwenda kumtembelea juma hili?

TUOMBE

Ee Bwana, unayewalisha simba na chawa, wakumbuke wote walioumizwa na viumbe vyako. Uwape waliofiwa kujua kwamba hukukosea majina yao. Nasi utupe rehema kama ya mama, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.