SOMO LA AFYA: Majimaji ya Kidonda Katika Mashine ya Kufyonza

Jamaa anayemkuta mgonjwa wake wodini akiwa na mrija unaotoka kwenye kidonda hadi kwenye mashine ndogo yenye kopo, kwa kawaida huuliza kama yale maji mekundu koponi ni damu inayomwishia mgonjwa. Mara nyingi sivyo. Hata hivyo swali lake ni zuri, kwa maana yanayoingia koponi ndiyo yanayoeleza kwanza hali ya kidonda, na anayekaa kando ya kitanda anaweza kuona mabadiliko kabla ya muuguzi kufika kwa zamu yake.

Tiba hii hutumika kwa vidonda vikubwa au vinavyokawia kupona: miguu iliyochunika katika ajali za barabarani, vidonda vya kisukari vilivyokwisha kusafishwa, vidonda vya kulala kitandani muda mrefu, na mishono iliyofunguka. Sponji hukatwa kwa umbo la kidonda na kuwekwa ndani yake. Juu yake hubandikwa utando wa plastiki unaonata, kisha mrija huunganishwa na mashine inayovuta hewa. Kipimo kinachotumiwa sana ni milimita 125 za zebaki chini ya shinikizo la kawaida la hewa. Kipimo hicho kilitokana na majaribio ya nguruwe yaliyofanywa na Michael Morykwas na Louis Argenta huko North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1997. Daktari anaweza kukipunguza kwa mgonjwa mwenye maumivu makali au ngozi dhaifu.

Wengi hudhani kazi ya mashine ni kukausha kidonda. La hasha. Tangu mwaka 1962, mtafiti George Winter alipoonyesha, naye pia kwa nguruwe, kwamba ngozi huota upesi zaidi juu ya kidonda chenye unyevu kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya gamba, tabibu anatafuta hali ya katikati. Maji yakizidi, ngozi ya pembeni hulowa, ikawa nyeupe na kuchubuka kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Yakipungua mno, nyama changa hukauka na kushikana na sponji, na siku ya kubadilisha bandeji mgonjwa hulia.

Hapo ndipo uvujaji wa hewa unapoleta madhara ambayo wengi hawayatarajii. Tundu dogo kwenye utando halimwagi maji nje, linaingiza hewa. Hewa hiyo hupita juu ya kidonda usiku kucha kuelekea kwenye mrija, na kidonda hukauka ilhali mashine inanguruma. Mlio mwembamba kama wa filimbi karibu na bandeji ni dalili yake. Mara nyingi chanzo ni ngozi iliyobandikwa utando ikiwa bado na jasho, mafuta au nywele. Kwa hiyo dakika chache za kuikausha vizuri ngozi ya pembeni, hasa kwenye kinena, matako na kisigino, huokoa kazi ya siku mbili. Danielle Zurovcik, mhandisi aliyesomea MIT nchini Marekani, aliunda pampu ya bei nafuu inayobinywa kwa mkono bila umeme, ambayo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Katika kifaa kama hicho hakuna mota ya kufidia hewa inayovuja, hivyo bandeji iliyozibwa ovyo huifanya pampu isiwe na faida yoyote.

Sponji linalofanya kazi huwa limenywea na kuwa gumu likiguswa. Likiwa limefura, laini, na maji yanaonekana yakicheza chini ya utando, uvutaji umekatika. Huenda mrija umejikunja chini ya mgonjwa, umezibwa na damu iliyoganda, au kopo limejaa. Kopo lililoanguka pia huleta shida: mdomoni mwake mna kichujio kinachopitisha hewa lakini si maji, na kikilowa, mashine hulia kama vile kopo limejaa hata likiwa nusu. Kwa sababu hiyo kopo hubaki wima, hata mgonjwa anaposukumwa kwenda kupigwa eksirei.

Muuguzi huandika kila zamu kiasi kilichoingia. Kwa kawaida kiasi hupungua siku hadi siku. Kopo lisiloongezeka kabisa ghafla si habari njema mpaka mrija ukaguliwe. Maji ya njano hafifu au ya waridi si ya kutisha. Yenye harufu kali, rangi ya kijani au mfano wa uchafu wa utumbo yanahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Damu nyekundu iliyoiva inayokimbia kwenye mrija ni dharura. Mashine izimwe mara moja, bandeji iachwe mahali pake, kidonda kigandamizwe kwa mkono, na msaada uitwe. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, FDA, ilieleza kuwa ilikuwa imepokea taarifa za vifo 12 vilivyohusishwa na tiba hii tangu 2007, na kutokwa na damu ndiko kulikokuwa hatari kubwa zaidi. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya kufungwa mashine, asingoje kuulizwa.

Umeme nao una sehemu yake. Mashine nyingi zina betri, lakini betri isiyochajiwa haisaidii stima zikipotea. Uvutaji ukikatika kwa jumla ya zaidi ya saa mbili katika saa 24, sponji huwa dimbwi la bakteria. Huondolewa, na kidonda hufungwa kwa shashi yenye unyevu hadi mashine irudi. Hata bila hitilafu yoyote, bandeji hubadilishwa kila baada ya saa 48 hadi 72, na vipande vya sponji huhesabiwa vinapoingia na vinapotoka ili kisibaki hata kimoja ndani.

Jambo moja husahaulika jikoni. Maji yanayotoka yamebeba protini nyingi, kwa hiyo mwenye kidonda kikubwa anahitaji mayai, maharagwe, ndengu, omena au maziwa kila siku, pamoja na maji ya kunywa, isipokuwa kama daktari amemwekea kipimo kwa ajili ya figo au moyo.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani na mashine apewe kopo la akiba na namba ya simu ya wodi, na aonyeshwe kubadilisha kopo kwa vitendo kabla ya kutoka. Kopo lililojaa halimwagwi chooni wala kutupwa shimoni. Hufungwa vizuri na kurudishwa hospitalini, likateketezwe pamoja na taka nyingine za tiba.