Uchumba baada ya ndoa ya miaka 26: watu wazima nao hupima

SWALI: Mwanamke wa Tanga mwenye umri wa miaka 51, aliyepewa talaka miaka miwili iliyopita baada ya ndoa ya miaka 26, ameposwa na mgane wa miaka 58 anayetumia dawa za shinikizo la damu na kisukari. Anauliza kama mwili wake, ambao haujaona hedhi kwa miezi minane sasa, bado unafaa kwa unyumba, na kama si utovu wa adabu kumwomba mtu mzima anayeheshimika mtaani na msikitini wakapime pamoja kabla ya ndoa.

JIBU: Sehemu ya pili ya swali hili ndiyo nzito, kwa hiyo inastahili kutangulia, na jibu lake ni kwamba kupima si utovu wa adabu bali ni sharti ambalo heshima ya mtu haiwezi kuchukua nafasi yake. Watu waliovuka miaka 50 huhesabiwa na jamii, na wakati mwingine na wahudumu wa afya wenyewe, kuwa wameshatoka katika hatari ya magonjwa yaambukizwayo kwa kujamiiana, na kwa kuwa mafunzo mengi ya kujikinga hulenga vijana, mtu aliyeolewa akiwa na miaka 23 na kuachika akiwa na 49 anaweza kuingia katika uchumba mpya akiwa na elimu ileile aliyofundwa na somo wake usiku wa harusi. Ndoa ndefu nayo si cheti cha afya, kwa sababu kila mmoja katika ndoa huujua mwenendo wake tu, na wa mwenzake huupokea kwa imani.

Muulizaji anaeleza kwamba mara ya mwisho alipimwa virusi vya UKIMWI (VVU) kliniki ya wajawazito, akiwa na mimba ya mtoto ambaye sasa yuko kidato cha sita. Majibu yale hayawezi kuisemea miaka yote iliyofuata, hasa kwa kuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, aliyekuwa mumewe alikuwa na uhusiano wa nje kabla ya talaka. Hata hivyo, yeye ana nafuu moja. Vipimo vya haraka vya VVU hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na virusi, na kingamwili hizo huweza kuchukua hadi miezi 3 kuonekana, muda ambao huitwa kipindi cha dirisha; na kwa kuwa hajakutana na mwanamume tangu talaka, kipindi hicho kimeshampita, hivyo kipimo kimoja, kikithibitishwa kwa utaratibu wa kituo, kitampa jibu la uhakika. Kwa mgane hesabu huanzia siku aliyokutana na mwanamke kwa mara ya mwisho, na siku hiyo anaijua yeye. Inafaa kukumbuka hapa kwamba eda hukaliwa na mwanamke peke yake. Mwanamume hana muda wowote wa kungoja aliowekewa na desturi, na ndiyo maana kipimo chake hakipaswi kuachwa kwa kudhaniwa. Swali la ugonjwa uliomuua marehemu mkewe, ambalo ndugu wa mwanamke hupenda kulidadisi kwa siri, huumiza bila kutoa taarifa ya kuaminika, na halifai kushika nafasi ya maabara.

Asiyetaka kuonekana kwenye benchi la kituo cha afya ana njia nyingine, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanamruhusu mtu mzima nchini Tanzania kujipima VVU mwenyewe. Katika kipimo cha majimaji ya kinywa, kijiti hupitishwa mara moja kwenye fizi za juu na mara moja kwenye za chini, kikatumbukizwa katika kichupa chake, kisha kikasomwa baada ya dakika 20 na kabla ya dakika 40 kupita: mstari mmoja kwenye herufi C humaanisha kwamba kingamwili hazikuonekana, na mistari miwili, hata kama wa pili umefifia, humaanisha kwamba mhusika aende kituoni kuthibitishiwa, maana kipimo hiki peke yake hakitoi hukumu ya mwisho. Lakini kijiti hicho hakioni kaswende wala homa ya ini aina ya B, na hii ya pili huwahusu zaidi watu wa rika hili, kwa kuwa chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wao walikuwa tayari ni wazazi. Kwa hiyo kwenda kituoni pamoja, na kupokea majibu katika chumba kimoja mbele ya mshauri nasaha, bado ni bora. Majibu ya kuwapo maambukizi nayo hayavunji posa kwa lazima: kaswende hupona kwa penisilini, na mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU hadi kiwango cha virusi katika damu kisigundulike, na kikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Kuhusu mwili, miezi minane bila hedhi haitoshi kusema kwamba uzazi umekoma. Ukomohedhi huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na kabla ya hapo yai linaweza kupevuka bila taarifa, hivyo muulizaji bado anahitaji njia ya kuzuia mimba, na kondomu humkinga na mimba na maambukizi kwa pamoja.

Akiwa anahofia maumivu pia, hofu hiyo ina msingi. Homoni ya estrojeni inapopungua, ukuta wa uke huwa mwembamba na ute hupungua, jambo linaloweza kulifanya tendo la ndoa liwe la kuwaka moto na kuacha michubuko, ambayo nayo hurahisisha maambukizi. Lakini hali hiyo ina tiba, na haimaanishi kwamba mwanamke amezeeka wala kwamba hampendi mwenzake. Vilainishi vya maji vinavyouzwa katika maduka ya dawa hutosha kwa wengi, na wasiopata nafuu huweza kuandikiwa na daktari krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, baada ya kuulizwa kama waliwahi kuugua saratani ya matiti. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando, ambayo ndiyo yaliyo karibu na kitanda katika nyumba nyingi, huidhoofisha kondomu ya mpira kwa dakika chache tu hata ikapasuka, na hayafai kutumiwa pamoja nayo. Kibaya zaidi ni shabu, ambayo mwanamke anayeolewa upya hushauriwa na mashoga zake aitumie ili awe kama mwari: hukausha mahali palipokwisha kukauka na kuchubua palipokwisha kuwa pembamba, na ushauri huo, hata ukitolewa kwa mapenzi, haufai kufuatwa.

Mgane naye ana lake. Kisukari na shinikizo la damu huharibu mishipa midogo ya damu, na upungufu wa nguvu za kiume kwa mwanamume wa miaka 58 mara nyingi hutokana na uharibifu huo, wala si kasoro ya mwanamke aliye naye. Pengine huwa ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa moyo, kwa hiyo daktari wake anapaswa kuambiwa. Vidonge vya sildenafili, ambavyo hutumiwa kurudisha nguvu za kiume, vikimezwa na mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua huweza kushusha shinikizo la damu ghafla hadi kuua, na baadhi ya dawa zinazonadiwa kuwa za mitishamba zimewahi kukutwa zimechanganywa na sildenafili hiyohiyo bila mnunuzi kuambiwa.

Muulizaji anagusia pia, kwa sentensi moja tu, kwamba bado huamka usiku akilia. Huzuni baada ya miaka 26 ni ya kawaida, lakini ikidumu zaidi ya wiki mbili mfululizo pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na kutofurahia chochote, huenda ikawa ni sonona, ugonjwa wa akili unaotibika kwa ushauri na kwa dawa. Posa haiutibu, na mchumba muungwana hatakataa kusubiri.

Kabla ya siku ya kupima, muulizaji aombe pia uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambao katika vituo vingi hufanywa kwa kupaka siki maalumu na kutazama kama mlango huo unabadilika rangi kuwa mweupe, na hukamilika kwa dakika chache. Damu yoyote itakayotoka baada ya tendo, au itakayorudi baada ya mwaka mzima wa ukimya, isidhaniwe kuwa ni hedhi imerejea, bali ipelekwe kwa daktari mara moja.