Shamba la Ukoo na Haki ya Binti

Desturi ya Buhaya ilimruhusu binti kula matunda ya shamba la ukoo siku zote za maisha yake, lakini si kuliuza. Hata sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilishika hayo.

Mwaka 1988 mama mmoja mzee, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000, maana hakuwa na wa kumtunza. Mwana wa ndugu yake akashitaki. Mahakama ya Mwanzo ikatangua mauzo. Ya Wilaya ikayathibitisha. Tarehe 22 Februari 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua ya kuwa kwa Katiba mwanamke ana haki sawa na mwanamume; basi mauzo ni halali.

Wala ukoo haukudharauliwa: mshitaki aliruhusiwa kulikomboa shamba katika miezi sita, kwa kulipa fedha zile zile.

Basi, walimu, fundisheni hivi: desturi hulinda ukoo, na mzee mwenye njaa naye ni ukoo. Asemaye shamba lisiuzwe, kwanza na amtunze mwenye shamba.